Hattie McDaniel: Mshindi wa Oscar aliyeikomboa sauti yake redioni

JINA la Hattie McDaniel linapotajwa, wapenzi wa sinema za zamani humkumbuka kwa jambo moja. Usiku wa Februari 29, 1940, mjini Los Angeles, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kutwaa tuzo ya Oscar. Alipewa heshima hiyo kwa nafasi ya Mammy, mtumishi wa familia ya matajiri wa Kusini, katika filamu ya Gone with the Wind iliyotoka mwaka 1939.

Kinachosahaulika ni kwamba katika njia maarufu ya Hollywood, ambako majina ya wasanii hutiwa ndani ya nyota zilizojengewa chini, mwanamke huyo ana nyota mbili. Moja ni ya filamu. Ya pili ni ya redio.

Nyota hiyo ya pili ina kisa chake. Redio ndiyo iliyompokea alipofika Los Angeles akiwa hana mbele wala nyuma, na redio hiyo hiyo ndiyo iliyomwokoa miaka mingi baadaye, kazi za filamu zilipomkaukia. Zaidi ya hayo, ni redioni alikopata kitu ambacho tuzo ya Oscar haikumletea, yaani uwezo wa kukataa maneno asiyotaka kuyatamka.

McDaniel alizaliwa Juni 10, 1893 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, akiwa kitinda mimba kati ya watoto 13. Baba yake, Henry, alizaliwa mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoigawa Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865, Henry alibeba silaha upande wa majimbo ya Kaskazini, katika vikosi vya askari weusi. Mama yake, Susan, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini.

Uhuru ulikuwa umepatikana, lakini si mali. Familia ilihamia jimbo la Colorado, kwanza Fort Collins na kisha Denver, ikitafuta maisha. Wasichana weusi wa wakati huo, hata waliokuwa na akili nyingi darasani, walijua kazi iliyowasubiri: kufua, kupika na kulea watoto katika nyumba za wazungu.

Hattie alikuwa na kipaji ambacho hakikufichika. Mwaka 1910, akiwa bado mwanafunzi mjini Denver, alishinda medali katika mashindano ya kughani yaliyoandaliwa na chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Muda si mrefu aliacha shule na kuingia katika sanaa ya majukwaani pamoja na ndugu zake. Kaka yake Otis alikuwa mtunzi na kiongozi wa kundi lao la maonyesho. Hattie na dada yake Etta nao waliwahi kuanzisha kundi lao la wanawake watupu.

Misiba haikumwacha. Mume wake wa kwanza, Howard Hickman, alifariki mwaka 1915 wakiwa hawajakaa muda mrefu katika ndoa. Mwaka uliofuata alifariki Otis, na kundi la familia likadhoofika. Mara kwa mara Hattie alilazimika kuweka sanaa kando na kurudi katika kazi za ndani ili apate mkate wake. Katika maisha yake aliolewa mara nne, na hakuacha mtoto.

Miaka ya 1920 alijiunga na bendi ya George Morrison, mwanamuziki mweusi aliyekuwa na jina kubwa mjini Denver. Hapo ndipo alipokutana na chombo kipya kilichokuwa kikiteka nyoyo za Wamarekani. Redio ya biashara ilikuwa changa mno. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilikuwa kimeanza matangazo yake ya kawaida mwaka 1920 tu. Denver ilipopata kituo cha KOA, bendi ya Morrison ilialikwa kutumbuiza, na Hattie aliimba nayo hewani. Hutajwa hadi leo miongoni mwa wanawake weusi wa mwanzo kabisa kuimba redioni nchini humo.

Kati ya mwaka 1926 na 1929 alirekodi pia nyimbo za bluzi, nyingine akiwa amezitunga mwenyewe, kwa kampuni za Okeh na Paramount. Ilionekana kana kwamba mambo yameanza kumnyookea. Ndipo soko la hisa la New York lilipoanguka Oktoba 1929, uchumi ukaporomoka, na kazi za wasanii zikatoweka kama umande.

Kuporomoka huko kulimkuta safarini, mbali na nyumbani. Huko Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kazi pekee aliyoipata ilikuwa kuhudumu katika choo cha wanawake kwenye ukumbi wa starehe ulioitwa Club Madrid, akiwapa wateja taulo. Wanamuziki weusi waliruhusiwa kupanda jukwaani hapo kwa nadra. Hata hivyo sauti yake ilijulikana, akapewa nafasi ya kuimba, na taulo akaziacha.

Mwaka 1931 alifunga safari kwenda Los Angeles, ambako kaka yake Sam na dada zake wawili walikuwa wametangulia. Sam alikuwa akishiriki katika kipindi cha kituo cha KNX kilichoitwa The Optimistic Do-Nut Hour, akamwombea dada yake nafasi. Hattie aliigiza humo mtumishi wa nyumbani mwenye mdomo mrefu, asiyekubali kukaa kimya mbele ya mabwana zake. Wasikilizaji wakampenda, akabandikwa jina la utani la Hi-Hat Hattie.

Umaarufu huo haukujaza tumbo. Malipo ya redio yalikuwa madogo kiasi kwamba msanii aliyewachekesha watu kwa kuigiza mtumishi, akitoka studio alirudi kufanya kazi ya utumishi kweli. Kwa miezi mingi McDaniel aliishi maisha hayo mawili kwa pamoja.

Sinema nayo ilimfungulia mlango wa uani. Alianza kwa nafasi ndogo ambazo mara nyingine hata jina lake halikuandikwa. Mwaka 1934, katika filamu ya Judge Priest iliyoongozwa na John Ford, aliimba pamoja na Will Rogers, mchekeshaji aliyekuwa akipendwa kuliko wengi wakati huo. Zikafuata Alice Adams na The Little Colonel mwaka 1935, na Show Boat mwaka 1936, ambamo aliigiza pamoja na Paul Robeson. Karibu katika zote hizo alikuwa mpishi, yaya au mtumishi wa chumbani. Hollywood haikuwa na nafasi nyingine kwa mwanamke mweusi mwenye mwili mkubwa na uso mpana, hata angekuwa na kipaji cha namna gani.

Kilele kilikuja na Gone with the Wind. Mtayarishaji, David O. Selznick, alimchagua kutoka katika kundi kubwa la waliowania nafasi ya Mammy. McDaniel alimfanya Mammy kuwa mtu mwenye busara, anayeona upuuzi wa mabwana zake kabla wenyewe hawajauona. Kazi yake iliibeba filamu katika sehemu zake nzito, na waliomtazama walilia pamoja naye.

Filamu ilipozinduliwa Atlanta, jimbo la Georgia, Desemba 15, 1939, McDaniel hakuwepo. Sheria za ubaguzi za jimbo hilo hazikuruhusu waigizaji weusi kuketi pamoja na wenzao wazungu katika ukumbi wa Loew's Grand. Clark Gable, nyota wa filamu hiyo na rafiki yake, inaelezwa kuwa alitishia kususia uzinduzi, na ni McDaniel mwenyewe aliyemsihi aende.

Miezi miwili baadaye, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, hali haikuwa tofauti sana. Hoteli hiyo haikuwa ikipokea wageni weusi, na Selznick alilazimika kumwombea ruhusa maalumu ya kuingia. Hakuketi na wenzake wa filamu. Aliwekewa meza ndogo kando ya ukuta, pamoja na aliyemsindikiza na wakala wake. Jina lake liliposomwa alivuka ukumbi mzima, akiwa amepamba nywele zake kwa maua meupe ya gadenia, akapokea tuzo na kutoa hotuba fupi ya shukrani. Kisha akarudi kwenye meza yake ya pembeni.

Waliodhani tuzo ingebadilisha nafasi anazopewa walikosea. Maombi yaliyofuata yalikuwa yale yale ya aproni na kilemba, na sasa alikuwa amebanwa kutoka pande mbili. Hollywood haikumpa zaidi ya utumishi, na viongozi wa watu weusi walimlaumu kwa kuukubali.

Aliyekuwa mstari wa mbele katika lawama hizo ni Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi nchini humo. Mwaka 1942 White alikutana na wakuu wa studio za filamu, akiwataka waache kuwaonyesha watu weusi kama watumishi na wajinga wa kuchekwa tu. Hoja yake ilikuwa nzito. Mamilioni ya wazungu hawakuwa wamewahi kuketi na mtu mweusi kwa mazungumzo. Walichokijua kumhusu walikiona katika sinema na kukisikia redioni.

McDaniel aliumizwa na lawama hizo. Aliona kwamba White, ambaye hakuwahi kuishi kwa kufua nguo za watu, alitaka kuwanyima waigizaji weusi kazi chache walizokuwa nazo kabla ya kuwapatia nyingine. Jibu ambalo limehusishwa naye kwa miaka mingi ni kwamba ni afadhali kuigiza mtumishi kwa dola mamia kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kwa dola saba. Lilichekesha, lakini lilitoka kwa mtu aliyezionja kazi zote mbili.

Wala hakuwa mtu wa kukaa kimya mbele ya dhuluma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza kitengo cha wasanii weusi katika kamati ya Hollywood iliyoandaa burudani kwa wanajeshi. Katika kipindi hicho alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa West Adams Heights, ambao watu weusi waliokuwa wakihamia hapo waliuita Sugar Hill. Miongoni mwa majirani zake walikuwa waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters.

Baadhi ya wazungu wa mtaa huo walikwenda mahakamani wakitaka majirani hao weusi waondolewe. Walitegemea masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja, yaliyokataza nyumba kuuzwa au kukaliwa na mtu asiye mzungu. McDaniel na wenzake hawakuhama. Walikusanyika nyumbani kwake kupanga utetezi, wakamtegemea wakili Loren Miller. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi hiyo, akisema wakati umefika kwa watu weusi kupewa haki kamili inayotolewa na marekebisho ya 14 ya katiba. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote nchini, na Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliosimama mbele ya majaji katika shauri hilo.

Mwanamke aliyeshinda vita vya nyumba yake alikuwa, kwa upande wa kazi, anaelekea kukosa kazi. Baada ya mwaka 1946 nafasi za filamu zilizidi kupungua. Studio, zikiwa zimechoshwa na malalamiko, ziliona ni rahisi kuwaondoa watumishi weusi katika hadithi kuliko kuandika wahusika weusi wa aina nyingine. Alichokihofia McDaniel katika mabishano yake na White kilikuwa kimetokea. Hapo ndipo redio ilipomwita tena.

Ili kuelewa uzito wa mwito huo, ni lazima kukumbuka redio ya Marekani ilivyokuwa. Kati ya miaka ya 1930 na mwishoni mwa miaka ya 1940 ndiyo iliyokuwa burudani kuu ya nyumbani. Familia zilikula chakula cha jioni zikisikiliza michezo ya kuigiza, vichekesho na muziki kutoka mitandao ya kitaifa ya NBC na CBS, na baadaye ABC. Nyota wakubwa wa sinema walikwenda studio za redio kurudia filamu zao kwa sauti tu. Gharama zote zililipwa na makampuni yaliyouza sabuni, sigara na vyakula, na mdhamini ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Katika utaratibu huo, mtu mweusi alisikika mara nyingi zaidi kuliko alivyoajiriwa. Kipindi kilichopendwa mno cha Amos 'n' Andy, kilichoanza mwaka 1928, kilihusu wanaume wawili weusi, lakini sauti zote mbili zilikuwa za wazungu, Freeman Gosden na Charles Correll. Waliongea Kiingereza cha kuvunjwavunjwa kwa makusudi, na nchi nzima ikacheka. Mwaka 1931 gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier lilikusanya saini za kukipinga, lakini kipindi hakikutetereka. Redio haikuonyesha sura, kwa hiyo sauti ya mtu mweusi ingeweza kuchukuliwa na yeyote na kuuzwa bila mwenyewe kupata senti.

Hata Beulah, mhusika aliyempa McDaniel nyota yake ya pili, alianza hivyo hivyo. Beulah alikuwa mtumishi mweusi wa kike, naye alipata umaarufu mwaka 1944 katika kipindi cha Fibber McGee and Molly. Aliyemwigiza hakuwa mwanamke wala hakuwa mweusi; alikuwa mwanamume wa kizungu aitwaye Marlin Hurt. Mbele ya watazamaji waliokuwa studio, Hurt alisimama akiwa amewapa mgongo, kisha akageuka ghafla na kutamka maneno yake kwa sauti nyembamba. Kicheko kilichopasuka ukumbini kilitokana na mshangao wa kuona sauti ile imetoka katika kinywa cha mzungu.

Mzaha huo ulipendwa kiasi kwamba mwaka 1945 Hurt alipewa kipindi chake mwenyewe. Machi 1946 alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 1947 mhusika huyo alifufuliwa, na kwa mara nyingine aliyepewa kazi alikuwa mwanamume wa kizungu, Bob Corley. Mambo hayakuenda vizuri kama zamani. Ndipo wenye kipindi walipoamua kumtafuta mwanamke mweusi kwa nafasi ya mwanamke mweusi, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kufikiriwa.

Novemba 24, 1947, McDaniel alisikika kwa mara ya kwanza kama Beulah katika mtandao wa CBS. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa nyota mkuu wa mchezo wa mfululizo katika redio ya kitaifa. Wanamuziki weusi kama Louis Armstrong, mwaka 1937, na Nat King Cole, mwaka 1946, walikuwa wamewahi kupewa vipindi vya muziki. Eddie Anderson alikuwa kipenzi cha wasikilizaji katika kipindi cha Jack Benny, lakini kipindi kilikuwa cha Benny. Hiki cha sasa kilisimama juu ya mabega ya McDaniel.

Hakuingia kichwa kichwa. Kabla ya kukubali, aliweka masharti mawili katika mkataba wake. La kwanza, hatazungumza kile Kiingereza cha kuvunjwa ambacho waandishi wa vichekesho walikiweka katika vinywa vya watu weusi. La pili, awe na haki ya kubadilisha maneno ya mchezo yatakayomchukiza. Mshahara ulianzia dola 1,000 kwa wiki na baadaye ukapanda hadi dola 2,000, fedha nyingi mno kwa miaka hiyo. Lakini kwa mtu aliyekuwa ameshambuliwa muongo mzima kwa maneno yaliyoandikwa na wengine, masharti yale mawili hayakuwa na thamani ndogo kuliko mshahara.

Kipindi kilirushwa jioni tano kwa wiki, kila kimoja kikichukua dakika 15, kwa udhamini wa kampuni ya Procter & Gamble. Beulah aliwatumikia akina Henderson, mume, mke na mtoto wao wa kiume, na kila siku alikuwa na jambo la kunusuru katika nyumba hiyo. Aliokoa karamu zilizoharibika, akapatanisha waliogombana, huku akimngoja mchumba wake Bill, fundi wa kutengeneza vitu, aamue siku ya kufunga ndoa. Rafiki yake Oriole aliigizwa na Ruby Dandridge, mama wa Dorothy Dandridge, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Idadi ya wasikilizaji iliongezeka sana. Kilichobadilika hakikuwa hadithi, kwa kuwa jiko lilibaki jiko na aproni ilibaki aproni. Kilichobadilika ni msemaji. Alipokuwa Hurt, kicheko kilitokana na sauti yenyewe, kana kwamba kuwa mwanamke mweusi ni kichekesho tosha. Alipokuwa McDaniel, msikilizaji alilazimika kucheka kwa sababu ya jambo lililotokea katika mchezo, au kwa namna alivyojua kulichelewesha neno hadi wakati wake ufike. Ule ustadi wa majukwaani wa zaidi ya miaka 30 ulikuwa umepata mahali pa kukaa.

Kipindi hicho pia kiliwapa waigizaji weusi kadhaa kazi ya kudumu wakati ambapo sinema ilikuwa imewafungia mlango. Baadhi ya waliokuwa wakimshutumu McDaniel walilainika walipomsikia. Alihesabu kazi hiyo kuwa ushahidi kwamba msimamo wake wa siku zote, wa kuingia ndani kwanza na kubadilisha mambo kutoka humo, ulikuwa na mantiki.

Hata hivyo, itakuwa si haki kumtendea White na wenzake kana kwamba walikosea kabisa. Beulah aliyeongea Kiingereza safi aliendelea kuwa mwanamke ambaye furaha yake yote ilikuwa katika nyumba ya watu wengine. Watoto wake mwenyewe hawakuwapo, mtaa wake haukusikika, na matatizo ya watu weusi wa Marekani hayakuingia katika dakika zile 15. Jaji alikuwa amekubali kwamba McDaniel ana haki ya kumiliki nyumba Sugar Hill. Redio ilikuwa bado haijaweza kumwazia akiwa na nyumba yake. Masharti yake yaliondoa kejeli katika ulimi. Hayakuweza kuiondoa hadithi jikoni, kwa kuwa hadithi ilikuwa mali ya mdhamini.

Televisheni ilipoanza kuipokonya redio nafasi yake, Beulah naye alihamishwa. Oktoba 1950 kipindi kilianza kuonyeshwa katika mtandao wa ABC, nafasi hiyo ikiwa imeshikwa na Ethel Waters, huku McDaniel akiendelea redioni. Mwaka 1951 NAACP ilipinga hadharani vipindi vya televisheni vya Amos 'n' Andy na Beulah. Sura zilipoonekana, mabishano ya zamani yalirudi kwa nguvu mpya.

Waters alipojiondoa, McDaniel alichaguliwa kuchukua nafasi yake katika televisheni. Aliwahi kurekodi vipindi sita tu. Mwaka 1951 aliugua moyo, na baadaye madaktari wakagundua kuwa ana saratani ya matiti. Louise Beavers, jirani yake wa Sugar Hill, alimrithi katika televisheni, na Lillian Randolph akamrithi redioni.

Hattie McDaniel alifariki Oktoba 26, 1952 katika makazi ya wasanii wa filamu huko Woodland Hills, California, akiwa na umri wa miaka 59. Mali aliyoiacha ilikadiriwa kuwa chini ya dola 10,000, na idara ya kodi ilidai zaidi ya dola 11,000. Tuzo yake ya Oscar aliiachia Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, moja ya vyuo vikuu mashuhuri vya watu weusi.

Alikuwa ameusia azikwe katika makaburi ya Hollywood, miongoni mwa watu wa sinema aliofanya nao kazi. Mwenye makaburi hayo alikataa, kwa sababu hayakuwa yakipokea maiti za watu weusi. Alizikwa katika makaburi ya Rosedale, ambayo tangu mwanzo yalipokea watu wa rangi zote. Ubaguzi uliomwekea meza ya pembeni mwaka 1940 ulimfuata hadi kaburini.

Marekebisho yalikuja polepole. Iliwachukua wanawake weusi zaidi ya miaka 50 kupata Oscar nyingine ya uigizaji, alipoipokea Whoopi Goldberg mwaka 1991. Mwaka 1999 mmiliki mpya wa makaburi ya Hollywood alijitolea kuhamishia huko mabaki ya McDaniel. Familia ilikataa kumsumbua, na badala yake likajengwa jiwe la kumbukumbu. Mwaka 2006 picha yake ilitolewa katika stempu ya posta ya Marekani. Mwaka 2010 mwigizaji Mo'Nique alipokea Oscar akiwa na ua la gadenia kichwani, akamshukuru McDaniel kwa kustahimili yote aliyoyastahimili ili wengine wasilazimike.

Tuzo iliyopelekwa Howard ilipotea miaka mingi iliyopita katika mazingira ambayo hayakuwahi kuelezwa kikamilifu. Oktoba 1, 2023 chuo kikabidhiwa nyingine badala yake na taasisi inayotoa tuzo za Oscar. Sugar Hill yenyewe ilikatwa katikati na barabara kuu ya Santa Monica miaka ya 1960.

Rekodi za baadhi ya vipindi vya Beulah zimesalia. Anayezisikiliza leo atakutana na vichekesho vya zamani, vingine vikiwa vimechuja, na jiko la akina Henderson ambalo Beulah hakutoka. Atasikia pia mwanamke wa zaidi ya miaka 50, binti wa mtu aliyezaliwa mtumwa, akitamka kila neno kwa utulivu na ukamilifu wake, kama alivyodai katika mkataba.